Shabaha ni Mshabaha

Katika sanduku la mbao alilotuachia babu yangu mzaa mama, pamoja na hati za kodi za zama za Wabelgiji, tasbihi iliyopungua punje, na mizani ndogo ya kupimia wakia, mlikuwamo koleo moja la chuma, fupi na zito, ambalo midomo yake ilichimbwa nusu-duara kila upande, hata ukiifumba hubaki katikati yake tundu la mviringo kamili, na ukiielekeza juani huuoni mwanga upenyao katika kiungo chake. Hiyo ndiyo kalibu aliyosubia risasi za gobori lake. Gobori lenyewe halimo tena mikononi mwetu. Lilirudishwa serikalini kabla sijaota ndevu, nasi hatukulililia, kwa kuwa kilichomfanya mzee yule aheshimiwe na wawindaji wa bonde la mto Lukuga hakikuwa bunduki, maana wengine walikuwa nazo zilizo bora kuliko yake, bali kilikuwa kile alichokitenda usiku wa kuamkia safari, alipoketi juu ya kigoda penye makaa, kimya kama mtu aliye katika ibada, akiyeyusha, akimimina, akipima, akichagua, na kuzirudisha chunguni zile zisizompendeza.

Naandika haya nikiwa Katanika, pembezoni mwa mji wa Kalemie huku Kongo, ambako upepo wa ziwa hufika jioni ukiwa umekwisha poa, na azma yangu ni kuusifu ufundi ule, ambao leo wapo watu wengi katika nchi za mbali waufanyao kwa mizani za umeme na vipimo vya kufikia sehemu ya elfu ya inchi, yaani ufundi wa mwenye bunduki ya usahihi kuyajaza mwenyewe maganda yake, na kuichagua risasi iliyo rahisi kwa bei bila ya kuwa hafifu kwa mwendo. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la Ulaya na Marekani tu, na kwamba mtu wa ziwani akilisemea amevaa kanzu isiyo yake. Walakini nimelizingatia kwa muda mrefu, nikaona ya kuwa lugha yetu yenyewe imekwisha lihifadhi katika maneno manne, nayo ni risasi, kalibu, kiasi na shabaha, na kwamba mtu akiyafahamu manne hayo mpaka kwenye mizizi yake amefahamu nusu ya elimu hiyo, na nusu iliyobaki ni subira.

Neno la kwanza ni risasi. Kiswahili, kama Kiarabu kilichotupa neno hilo, hakikuona haja ya kutafuta jina moja la madini na jina jingine la kitu kitokacho katika kasiba ya bunduki. Vyote viwili ni risasi, na mwenye kutaka kujua kwa nini na ayatazame madini yenyewe. Shaba haiyeyuki mpaka moto ufike nyuzi 1,085 za selsiasi, na chuma hudai zaidi ya hapo, ilhali risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, moto ambao mtu yeyote mwenye mafiga matatu, chungu na kipepeo aweza kuupata uani kwake. Tena ni nzito: ujazo ule ule wa chuma ukiwa na uzani wa gramu 79, wa risasi utakuwa na gramu 113, na kitu kizito huupasua upepo na kuendelea na safari yake pale ambapo kitu chepesi kingekwisha choka. Fauka ya hayo ni laini, hata ukucha huichora, kwa hiyo haiikwaruzi kasiba inamopita. Kasoro yake ni moja na ni kubwa, nayo ni sumu. Babu hakusubu ndani ya nyumba hata siku moja, aliketi akiupa upepo mgongo, na mtoto aliyeigusa hakuruhusiwa kutia mkono katika sahani ya ugali mpaka akanawa kwa sabuni mara mbili. Basi madini haya ni ya maskini kwa wema wake wote: yanapatikana, yanatii, na yakikosewa yanarudi chunguni bila ya kulalamika. Mtu aliyechonga mtumbwi akakosea amepoteza mti. Mtu aliyesubu risasi akakosea amepoteza makaa kidogo na usingizi.

Ziwa hili liliyajua madini hayo mapema. Kaskazini ya mahali ambapo Lukuga hutoka ziwani ipo Mtowa, bandari ambako katika karne ya 19 majahazi na mitumbwi kutoka Ujiji ilishusha watu wa misafara ya Manyema na kupakia pembe za ndovu, na pamoja na pembe, kwa msiba wetu, wanadamu waliotiwa minyororo. Misafara ile ilikwenda kwa bunduki, na bunduki iliingia hata katika majina ya watu: Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mmoja wa wakuu wa misafara hiyo, aliyepiga vita na Nsama, mtawala wa Itabwa, mwaka 1867, kusini-magharibi ya ziwa hili hili, alieleza mwenyewe kuwa lakabu yake ya Tippu Tip ilikuwa ni mwigo wa mlio wa bunduki zake. Bunduki zile aghalabu zilikuwa za gumegume au za fataki, zenye kasiba nyororo isiyo na mifuo ndani, nazo zilishindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni: baruti kwanza, kisha kitambaa au utembo, kisha risasi.

Halafu ikaja sheria. Tarehe 2 Julai 1890 madola yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga marufuku biashara ya watumwa ulizuia kuingizwa kwa silaha bora katika sehemu yote ya Afrika iliyo baina ya latitudo 20 kaskazini na latitudo 22 kusini, ukaacha mlango mdogo kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo na kwa baruti ya kawaida ya biashara. Sisemi hapa kama mkataba ule ulikuwa wa insafu au wa hila, maana uliokoa roho na papo hapo ukawaacha wenyeji na silaha dhaifu mbele ya dola iliyokuja na zilizo kali. Nasema tu kwamba waandishi wake walitambua kwa kalamu yao wenyewe kuwa kuna bunduki ya usahihi na bunduki ya makelele, wakatuachia ya pili. Ndipo ufundi ninaousifu ulipopata udongo wa kuota. Mtu ambaye usahihi wake umo ndani ya chombo hana haja ya kuutafuta. Lakini mtu aliyepewa kasiba nyororo kama bomba, na baruti yenye moshi, na nyati mwenye hasira, hana budi kuutafuta usahihi mahali pengine, na mahali palipobaki ni viganja vyake.

Hapo ndipo linapoingia neno la pili, kalibu. Neno hili limetoka katika Kiarabu kwa maana ya kitu kinachokipa kitu kingine umbo lake, na wanazuoni wengi wa lugha huona kwamba Wataliani na Wafaransa walilichukua neno lile lile, wakalipitisha katika vinywa vyao, likatoka likiwa kalibre, yaani upana wa tundu la bunduki. Hivyo mwindaji wa kwetu asemapo kalibre duze kwa lafudhi ya Kifaransa, hajui kwamba ameazima kutoka kwa mgeni kitu ambacho babu yake alikuwa nacho sandukuni. Na hiyo duze, yaani kumi na mbili, si kipimo cha urefu wala cha upana. Ni hesabu ya msubuji. Maana yake ni kwamba ratili moja ya risasi ikigawanywa sawasawa katika viduara kumi na viwili, kila kimoja kitakuwa na gramu 37 na kitu, na kitaenea katika tundu la bunduki hiyo, ambalo upana wake ni karibu milimita 18 na nusu. Bunduki ilipewa jina kutokana na kalibu, wala si kalibu kutokana na bunduki.

Kwa nini kuenea huko kuwe jambo kubwa? Kwa sababu risasi ya duara iliyo ndogo kuliko kasiba yake haitoki kwa njia iliyonyoka, bali hutoka ikigonga ukuta huu na ukuta ule kama mlevi katika kichochoro, na upande ambao itaugonga mwisho kabla ya kutoka ndio utakaoamua iende wapi. Kwa hiyo mpigaji aweza kulenga kwa unyofu wa malaika na bado akapiga kichuguu. Na iliyo kubwa mno haishuki kwa mdeki, au hushuka nusu ikakwama, na hatari ya kukwama huko sihitaji kuieleza. Babu aliutatua mushkeli huo kwa kuisubu risasi iliyopungua kidogo sana, kisha akaivika kipande cha kitambaa kilichopakwa mafuta, ili kitambaa kiijaze nafasi na kuifuta kasiba wakati ule ule. Kitambaa kilikuwa kikuukuu, cha kanga iliyochakaa, na mafuta yalikuwa ya mawese. Sijui kama kuna usahihi ulionunuliwa kwa bei ndogo kuliko hiyo.

Nami nikiwa mtoto wa kushika taa nilijifunza kusoma uso wa risasi kabla sijajifunza kusoma vizuri uso wa kitabu. Ile iliyotoka na makunyanzi, kama ngozi ya tende, ilisema kwamba kalibu ilikuwa ya baridi; ile iliyotoka na weupe kama umande wa alfajiri ilisema kwamba moto umezidi; na ile iliyong'aa sawasawa pande zote, ikakatwa kikonyo chake kikaacha alama ndogo isiyo na shimo, hiyo ndiyo iliyoruhusiwa kwenda mizanini. Mizani nayo ilikuwa na neno lake la mwisho, maana zipo risasi nzuri za uso zenye pango la hewa ndani, na pango hilo halionekani kwa jicho bali kwa upungufu wa uzani. Katika kila ishirini alizosubu, babu aliziweka pengine kumi na mbili. Nilipomwuliza kwa nini anaitupa kazi yake mwenyewe alinijibu kwamba hajatupa kitu, kwa kuwa chungu kiko pale pale na risasi ni ile ile. Kilichotupwa ni kosa tu.

Neno la tatu ni kiasi, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Wazee wa pwani waliita kiasi cha bunduki ule mfuko uliofungwa tayari baruti na risasi pamoja, ambao sisi leo tunauita risasi nzima, kana kwamba walitaka kutukumbusha kila mara kuwa kinachotoka bundukini si ukali bali ni kipimo. Na kiasi hicho hicho, katika chuo cha mafakihi, ni ile njia ya kuihukumu mas'ala mpya kwa kuilinganisha na iliyotangulia yenye sababu moja nayo. Yaani kupima, katika asili yake, ni kulinganisha. Mwenye kujaza viasi hafanyi jambo jingine. Haulizi kama baruti hii ni nyingi au ni chache katika ulimwengu wa fikira. Huuliza kama ni sawa na ile ya kabla yake. Mmoja akitia leo kiganja na kesho kiganja na nusu, bunduki yake itakuwa bunduki mbili, na mpigaji ataulaumu mkono wake, au atalilaumu jicho lake, au atamlaumu jirani mwenye kijicho. Wala kuongeza si kuboresha; wengi wamedhani kwamba kiasi kikubwa kitafidia risasi mbovu, na wapo waliolipa dhana hiyo kwa vidole vyao.

Ushahidi kwamba kipimo hushinda ukubwa umo katika nchi zetu hizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mskochi mmoja, W. D. M. Bell, aliwinda ndovu katika Karamoja ya Uganda na huku upande wa Kongo pia, na ilhali wenzake walibeba bunduki zenye kasiba pana karibu maradufu na teke la punda, yeye kwa sehemu kubwa alitumia bunduki ya milimita 7, yenye risasi ndefu nyembamba ya gramu 11 na kitu. Kabla ya kutegemea risasi ile aliyapasua mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande, na hakuwa na simile kwa risasi za kiwandani zilizochelewa kulipuka au zisizofanana. Ndovu aliowaua wanapita 1,000, na mimi simsifu kwa hesabu hiyo, ambayo leo inatia huzuni. Namtaja kwa kuwa alithibitisha kuwa kitu kidogo kinachojulikana ni bora kuliko kitu kikubwa kinachokisiwa.

Sasa nifike kwenye neno la nne, ambalo ndilo lililonifanya niishike kalamu. Shabaha kwa watu wengi ni kile kinacholengwa: alama juu ya ubao, kifua cha nyati. Lakini litazame neno na jamaa zake, utaliona limekaa nyumba moja na mshabaha na kushabihiana, yaani kufanana. Katika mzizi wake wa Kiarabu hamna kulenga hata kidogo. Mna kufanana tu. Sijui ni mjuzi gani wa zamani aliyeligeuza neno la kufanana likawa neno la kulenga, lakini naamini kwamba hakuligeuza ovyo, kwa kuwa usahihi wa bunduki hauna siri nyingine. Risasi haina macho. Haijui alama iko wapi. Yote inayoweza kufanya ni kwenda kule alikokwenda dada yake aliyetangulia, na itakwenda huko kwa kadiri tu inavyofanana naye. Ikiwa kumi zimefanana, hata zikiangukia kiganja kimoja kulia kwa alama, mwenye bunduki husogeza kilengeo chake mara moja na jambo limekwisha. Lakini ikiwa hazikufanana, hakuna kilengeo kitakachozipatanisha, hata kiwe kimenunuliwa kwa bei ya ng'ombe watano.

Kwa hiyo mtu wa leo, mwenye bunduki ya mifuo na ruhusa ya serikali yake, asimamapo mbele ya rafu za duka lenye risasi za aina thelathini, swali lake lisiwe ipi ni ghali, wala ipi ni rahisi, bali zipi zinafanana, na zinaifaa kasiba yangu. Na kwanza aijue kasiba. Mifuo iliyo ndani yake imesokotwa ili kuizungusha risasi kama pia, na risasi ndefu hutaka msokoto wa haraka kuliko risasi fupi. Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hisabati huko Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni ambayo bado yafaa kuanzia: igawanye 150 kwa urefu wa risasi ukiuhesabu kwa upana wake, na jibu ni umbali, kwa upana huo huo, ambao mfuo uwe umekamilisha mzunguko mmoja. Risasi yenye urefu wa mara tatu ya upana hutosheka na mzunguko mmoja katika upana hamsini; yenye mara nne haitosheki, itayumba, na bei yake kubwa itayumba pamoja nayo. Wangapi wamenunua risasi ndefu, nzuri, iliyosifiwa kwa mita elfu moja, wakaitia katika kasiba ya msokoto wa polepole wakaishia kupiga ubao kwa ubavu! Mchagua nazi hupata koroma, na aghalabu koroma hiyo imefungwa katika kisanduku chenye nakshi.

Pili aujue umbali wake. Mkia uliochongoka kama wa mashua huisaidia risasi mbali sana, ambako upepo una muda wa kuisumbua. Katika mita mia moja au mia mbili, risasi yenye kitako bapa, ambayo ni nyepesi kuitengeneza na kwa hiyo ni rahisi kuinunua, huweza kuwa sawa nayo au kuishinda. Na kitako hicho ndicho cha kukikagua. Franklin W. Mann, wa Milford katika jimbo la Massachusetts, alitoa kitabu mwaka 1909 baada ya miaka mingi ya majaribio, ambamo aliziharibu risasi kwa makusudi, nyingine nchani na nyingine kitakoni, akaona kwamba zilizoharibika ncha ziliendelea kupiga karibu karibu, ilhali zilizoharibika kitako zilitawanyika. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu: ncha hutangulia kutoka, na kitako ndicho kinachoagana na kasiba mwisho, moshi wa baruti ukikisukuma; kikiwa na pengo upande mmoja, moshi hupenya upande huo kwanza na kuipiga kikumbo risasi iliyokwisha nyooka. Babu hakumsoma Mann, lakini alikata kikonyo kwa uangalifu kuliko alivyokata kucha zake.

Tatu, aulize nini kimefunika risasi hiyo. Tangu mwaka 1882, Mswisi Eduard Rubin alipoivika risasi koti la shaba ili istahimili mwendo mkali, madini laini ya zamani yamekuwa yakitembea na joho, na katika vita vikuu vya kwanza shaba ya Katanga, mkoa ambao sisi tulikuwa sehemu yake mpaka mwaka 2015, ilisafiri kwenda kuwa maganda ya mizinga ya Ulaya. Koti hilo likiwa nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, uzito haukai katikati, na risasi huzunguka kama pia iliyochongwa na mtoto. Hapa ndipo fedha ya mnunuzi inapokwenda: risasi ya mashindano na risasi ya kawaida zina risasi ile ile na shaba ile ile, na tofauti ya bei aghalabu ni ujira wa jicho na kipimo kilichokataa zisizofanana. Basi mwenye jicho na mizani na usiku mmoja wa subira aweza kujilipa mwenyewe ujira huo: anunue za bei ya kati, anunue nyingi za toleo moja badala ya chache za matoleo mengi, azipime, azitenge zenye uzani mmoja, na zilizokengeuka asizitupe, bali azitumie kwa kuzoeza mkono.

Nne, asidanganywe na matundu matatu. Risasi tatu zilizopiga pamoja zinaweza kuwa bahati tu, kama wapita njia watatu waliokutana chini ya mwembe. Kumi zikipiga pamoja, hapo pana ukoo. Mtu akinionyesha karatasi yenye matundu matatu yanayogusana nitampongeza kwa adabu na kumwomba saba zaidi.

Najua kwamba kuna msomaji ambaye tangu mwanzo amenikunjia uso, naye ana haki. Katanika hii ninamoandika si mahali pa kuisifu risasi kwa moyo mwepesi. Mwaka 2017, vita baina ya Watwa na Waluba vilipowafukuza watu vijijini, maelfu waliteremkia Kalemie, na wengi wao walitua hapa hapa, wakajenga vibanda vya nyasi na maturubai juu ya ardhi ambayo jana yake ilikuwa mashamba ya mihogo. Na ijapokuwa wengi wao waliukimbia mshale, nchi hii ya mashariki kwa jumla imezikwa mara nyingi na risasi. Sheria yetu ya mwaka 1985 haimruhusu raia kuwa na silaha wala risasi bila ya kibali, na mimi siitakii sheria hiyo kulegea hata kwa upana wa unyoya. Lakini nimetazama pia ni risasi za namna gani zilizotuzika. Hazikuwa zile zilizosubiwa moja moja, zikasomwa uso, zikapimwa, zikarudishwa chunguni. Zilikuwa zile zinazokuja kwa masanduku, zisizojulikana na mtu, zinazomwagwa kwa mkono usiouliza zinakwenda wapi. Mtu aliyekesha na risasi kumi na mbili hawezi kuzimwaga. Anajua kila moja imemgharimu nini, na kwa kuwa anajua, hupiga mara chache, na mara nyingi zaidi hurudi nyumbani nazo zote. Siku babu aliporudi bila ya nyama, nyanya alikuwa akimwuliza kama hakumwona mnyama, naye alijibu: nilimwona, lakini hakusimama vizuri. Neno rahisi katika lugha yetu lina maana mbili, la bei ndogo na lisilo na tabu. Ufundi huu unazitenganisha maana hizo, kwa sababu unamruhusu mtu kupata kilicho rahisi kwa mfuko ila haumruhusu kukipata kilicho rahisi kwa dhamiri.

Gobori liliporudishwa, nilidhani kwamba kalibu nayo itatupwa. Haikutupwa. Katika miaka yake ya mwisho, macho yakiwa yameingia ukungu, babu aliendelea kuketi juu ya kigoda kile kile penye makaa yale yale, akisubu viduara kwa ajili ya wavuvi wa mikebuka, ambao walivipasua nusu kwa kisu na kuvibana katika kamba ya chini ya wavu viwe chubwi. Nilimwuliza, kwa ujeuri wa kijana aliyerudi shule, kwa nini bado anazikagua na kuzipima, maana samaki hawajui uzani. Alinichukua ufukweni kabla ya magharibi, wakati mitumbwi ikitoka, akanionyesha nyavu mbili zikitupwa. Mmoja ulishuka umenyooka kama pazia. Wa pili ulitangulia upande mmoja, ukajikunja, ukaingia majini kama nguo iliyosukumwa ndani ya kapu. Hakusema neno.

Juzi jirani yangu mvuvi, ambaye mwanawe ananunua wavu wake wa kwanza, alikuja kuniazima kalibu ile. Nilimpa, na mizani nikamwongezea, nikamwagiza asimwambie kijana zaidi ya mambo mawili: auketie moto huku akiupa upepo mgongo, na zile tano au sita za mwanzo, hata zikiwa nzuri machoni, azirudishe chunguni, maana kalibu itakuwa haijapata moto.